Harusi ya Basi Namba Tisa

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na dakika nane, Baba alisimama kituoni na saa yake kiganjani, kama mwamuzi anayesubiri kupuliza kipenga. Alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini. Macho yalikuwa yamemstaafisha, lakini ukali wake haukustaafu. Bintiye, mshona nguo, alisimama hatua moja nyuma yake, na mkoba wenye futi kamba, mkasi na chakula cha mchana. Basi namba tisa likitokeza konani, Baba husema, "Dakika tatu kachelewa." Dereva hutoa kichwa dirishani: "Shikamoo, mzee. Saa yako inakimbia." Baba naye hujibu, "Marahaba. Saa yangu haina miguu." Hapo mlango hufunguka, binti hupanda, na Baba hurudi nyumbani kuchemsha chai. Jioni huwa palepale tena, kumpokea mkoba.

Asubuhi ile mlango haukufunguka. Dereva alishuka peke yake, mkono mmoja karatasi, mkono mwingine kopo la gundi, akaanza kupaka nguzo ya kituo.

"Msiniangalie hivyo," alisema bila kugeuka. "Mimi nimepewa gundi tu."

Karatasi ilisema kwamba kuanzia mwezi ujao namba tisa itaishia sokoni, haitapanda tena kilimani. Sababu: abiria ni wachache, na fungu la usafiri limepungua. Abiria wangehesabiwa safari ya kwanza Jumanne ijayo. Mwenye maoni aje ukumbini kwa halmashauri siku ya Ijumaa.

Kutoka sokoni mpaka kilimani ni mwendo wa saa moja na nusu, tena wa kupanda. Mshona nguo alisoma tangazo mara mbili. Tajiri wake kule mjini, kwenye duka la kushonea, alishazisikia fununu, na alikuwa amempa chumba nyuma ya duka, ahamie akitaka. Hakuwa amemwambia Baba. Jioni ile alimwambia, huku akiitazama sahani.

"Chumba?" alisema Baba. "Basi nenda."

"Basi likikatwa tu, Baba."

"Lisikatwe, likatwe, nenda. Mimi si mtoto."

"Haya."

"Hata kesho ukitaka."

"Haya, Baba."

Hakuna aliyemaliza chakula. Baba aliifungua saa ya ukutani, ambayo haikuwa na ubaya wowote, akaisafisha mpaka ikaanza kuwa na ubaya. Mshona nguo alienda kulala akiwaza kwamba pengine kweli baba yake amemchoka, na pengine nyumba ya mzee mmoja ina raha yake. Ndivyo alivyokuwa. Mtu akimkanyaga, yeye ndiye anayeomba radhi.

Kamati ya kutetea basi iliundwa Jumamosi, katika ua wa Mama Mayai, kuku wakipita katikati ya miguu ya wajumbe. Mama Mayai alipeleka trei zake mjini kwa basi lile siku tatu kwa wiki, na alikuwa na sauti ya kuita mtu aliye mtaa wa pili. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu, mstaafu, ambaye tayari alikuwa ameiandikia halmashauri barua ya kurasa kumi na moja.

"Ukurasa wa kwanza," alianza Mwalimu, "unahusu maana ya neno usafiri."

"Mwalimu, kuku wanasinzia," alisema Mama Mayai. "Sema tufanye nini."

Mwalimu alikunja karatasi kwa uchungu. "Jumanne tupande sote. Mwenye safari na asiye na safari. Wakihesabu, wakute basi limejaa."

"Na tukiomba basi moja watatupa nusu," alisema Mama Mayai. "Tuombe mawili. La pili liwe la jioni, la wanaochelewa kazini. Mbona chemchemi ya mapambo pale kwenye mzunguko wa barabara wamepata fedha za kuijengea? Nani anasafiri kwa chemchemi?"

Wazo lilipigiwa makofi. Kama kingeishia hapo, kikao kingekuwa kimefanikiwa sana. Lakini Mama Mayai alitazama watu walivyovaa, huyu kanga, yule koti, akashika kiuno.

"Na sare je? Jambo la watu wengi bila sare litaonekana wapi? Si tuna fundi hapa!"

Macho yote yakamgeukia mshona nguo. Alitamani ardhi ipasuke. Ni kweli kwamba alikuwa na jora zima la satini ya rangi ya chungwa, lililobaki baada ya bibi harusi mmoja kughairi bwana akiwa ameshanunuliwa viatu. Alitaka kusema kwamba satini si kitambaa cha kupandia basi. Alisema, "Hamna neno."

Siku mbili alishona. Kwa kuwa kielelezo cha kukatia alichokuwa nacho kilikuwa cha wasindikizaji wa harusi ile ile, magauni yakatoka na marinda begani na utepe kiunoni, na mashati ya wanaume yakatoka na kola ya kifahari. Mwalimu alijitazama kiooni akakohoa mara tatu. Baba pekee ndiye aliyekataa.

"Kitu kinachong'aa nitavalishwa nikiwa sina la kusema," alisema, akavaa koti lake la kijivu. Lakini alipanda. Hakuwahi kupanda basi lile kwa miaka sita, na siku hiyo alikaa kiti cha mbele kabisa, amenyooka kama mwiko.

Basi lilijaa. Watu thelathini na mmoja waling'aa kama machungwa yaliyopakwa mafuta. Dereva alipowaona kituoni alizima injini kwa heshima. Kituo cha pili alipanda karani wa kuhesabu, mama wa makamo mwenye miwani, mwavuli na daftari. Alisimama mlangoni, mdomo wazi, kisha uso wote ukakunjuka kwa furaha.

"Jamani, hongereni! Asubuhi yote hii? Na bibi harusi yuko wapi?"

Mama Mayai aliyekuwa amebeba trei mapajani, na ambaye hajawahi kuuacha mzaha upite bure, alinyoosha kidole. "Yule pale! Hata kulala hakulala!"

Basi zima likacheka. Mshona nguo, ambaye kweli hakuwa amelala kwa ajili ya kushona, alisikia masikio yakimwaka. Karani alimfuata, akamshika mikono miwili.

"Mungu awape maelewano, mwanangu."

Ilikuwa rahisi kusema, "Hapana, mama, hapa hakuna harusi." Maneno matano. Lakini mama mwenyewe alikuwa amefurahi mno, na kumkatiza mtu katikati ya dua aliona ni ukosefu wa adabu.

"Ahsante, mama," alisema.

Karani akafungua daftari, akaandika, akapiga mstari kwa rula.

Ijumaa ukumbi ulijaa kuliko basi. Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa mtu mpole, aliyeifuta miwani yake kila kabla ya kusema neno baya. Aliifuta kwa muda mrefu.

"Namba tisa," alisoma. "Jumanne, safari ya kwanza. Abiria wa kawaida, wawili. Mmoja mzee mwenye koti, mwingine amelala." Akageuza ukurasa. "Safari ya kukodi: harusi. Watu thelathini na mmoja. Hawahesabiwi."

Mtu mmoja nyuma akapasuka kwa kicheko, na ukumbi mzima ukafuata. Mwalimu alisimama na kurasa zake, akazipekua, akakaa. "Kuanzia ukurasa wa tatu," alimnong'oneza Mama Mayai, "zote zinategemea hesabu."

"Kama hakuna hoja nyingine," alisema mwenyekiti, "basi litaishia sokoni."

Kiwiko cha Mama Mayai kilimwingia mshona nguo ubavuni. "Simama, bibi harusi! Utanyamaza mpaka lini?"

Alisimama. Hakujua kama ni yeye aliyesimama au ni kiwiko. Safu ya tatu, pembeni, alimwona Baba akitazama viatu vyake.

"Mheshimiwa," alisema.

"Sauti!" walipiga kelele nyuma.

"Mheshimiwa, hakuna harusi." Wakacheka tena, akangoja wamalize. "Satini ndiyo ya harusi, lakini bibi harusi alighairi. Karani hana kosa. Mtu akikuta watu wameng'aa vile alfajiri, aandike nini? Mimi ndiye niliyezishona nguo zile. Na aliponiombea dua, nikajibu ahsante."

Karani, mezani pake, alivua miwani. "Kumbe hujaolewa?"

"Bado, mama. Nisamehe."

"Dua si mbaya, iache tu ikae," alisema karani, na hata mwenyekiti akacheka.

"Tunaomba fungu la basi lisipunguzwe," mshona nguo aliendelea kabla ujasiri haujamtoroka, "na tuongezewe la pili, la jioni. Nesi wa zahanati anateremka kwa namba tisa. Mama huyu anapeleka mayai. Watoto wa sekondari—"

"Hayo yamo kwenye barua ya Mwalimu," alisema mwenyekiti kwa upole. "Ukurasa wa saba. Wewe mwenyewe, binti, basi hili linakupeleka wapi?"

"Kazini." Akasita. "Lakini hilo si neno. Kazini naweza kuhamia. Nimepewa chumba mjini, kizuri, nilale hapohapo. Mimi silitaki basi la kunipeleka, mheshimiwa. Nalitaka la kunirudisha. Nyumbani yuko baba yangu, na kila jioni ananingoja kituoni. Mkilikata, mimi nitalala mjini na yeye hatakuwa na wa kumngoja. Sitaki kuhama. Aliponiambia nenda, nilisema haya. Nilidhani amenichoka."

Hakuna aliyecheka. Safu ya tatu, Baba alikuwa ameacha kutazama viatu.

Mwenyekiti alianza kuifuta miwani, Mama Mayai akashika moyo. Lakini karani alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, naomba nihesabu upya. Wiki nzima, safari zote. Ila waje na nguo zao za kila siku, nawaomba sana."

Ikakubaliwa. Namba tisa ingeendelea kupanda kilimani mpaka hesabu itoke, na ombi la basi la pili lingejadiliwa kwenye bajeti, kabla ya chemchemi. Mama Mayai alipiga kigelegele kilichomwamsha mlinzi wa mlangoni. Mwalimu aliuliza kama angeweza, sasa, kusoma ukurasa wa kwanza.

Nje, baba na binti walisimama kando kando kungoja basi la kurudi. Baba alikohoa. Akafunga kifungo cha koti, akakifungua.

"Hicho chumba," alisema, "kina dirisha?"

"Kina."

"Linatazama wapi?"

"Ukuta."

"Hm."

Gari mbili zikapita. Mshona nguo alikuwa anatafuta namna ya kuomba radhi kwa kumtaja mbele za watu, lakini safari hii mzee alimtangulia.

"Nilipokwambia nenda," alisema Baba, akiitazama barabara, "nilitaka ukatae. Siku zote hizi nilikuwa nangoja ukatae. Usihame, mwanangu. Nyumba ile siiwezi bila wewe."