Maji ya Mwalimu Mstaafu

Meli ile ya kitalii ilipoachana na chupa za maji za plastiki, waliofurahi zaidi walikuwa wahudumu wa vyumba. Abiria walikuja nyuma yao. Wahudumu ndio waliokuwa wakiburuta mifuko ya chupa tupu kutoka korido moja hadi nyingine, mifuko inayopiga kelele hata ukitembea kwa kunyata. Sasa kila chumba kilipewa chupa ya chuma inayong'aa, yenye mchoro wa wimbi ubavuni, na mgeni akimaliza maji, mhudumu anaijaza tena kwenye mtambo uliofungwa mwisho wa korido. Abiria walipiga nazo picha. Nahodha akatangaza kwenye vipaza sauti kwamba bahari imepata nafuu. Wahudumu wakasema migongo yao ndiyo iliyopata nafuu, bahari itajisemea yenyewe.

Ila hakuna mkubwa aliyewauliza wahudumu walikuwa wakizifanyia nini zile chupa kuukuu.

Kuna dawa kali ya kutoa utando wa chumvi kwenye mabomba na vigae. Huja kwenye dumu kubwa, na kampuni ilitoa makopo ya kunyunyizia, makopo yanayovuja na kuchuruzika hadi kwenye kiwiko. Kwa hiyo kila mhudumu mwenye akili zake alikuwa na chupa ya plastiki ya maji aliyoijaza dawa na kuichomeka kwenye toroli lake. Sheria ilikataza, na kila mtu alifanya. Dawa ilikuwa ya kijani, ikionekana wazi ndani ya plastiki, na hata mlevi asingeifikiria kuwa ni maji.

Aliyekuwa hodari wa kazi hiyo kuliko wote ni kiongozi wa korido ya juu, mwanamke wa makamo aliyebandikwa jina la Kioo, kwa sababu bomba likipita mikononi mwake ungeweza kujipaka wanja ukijitazama humo. Alilipenda jina lile. Alilipenda kupita kiasi, na mtu akilisahau alimkumbusha. Chini yake alikuwa na mtoto wa dada yake, msichana aliyeitwa Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi chini ya jicho. Kioo ndiye aliyemtafutia kazi melini, ndiye aliyemfundisha kutandika kitanda, na ndiye aliyemfundisha habari ya chupa ya dawa.

Plastiki zilipoondoka, Kioo hakusumbuka. Alichukua chupa moja ya chuma, akaijaza dawa, akaichomeka palepale. Akampa Kidoti ya kwake.

"Mama mdogo," Kidoti alisema, "hizi zote zinafanana. Tusifunge hata kitambaa shingoni?"

"Kitambaa cha nini? Msimamizi akipita akaona kitambaa, atauliza."

"Tukichanganya je?"

"Mwanangu, mimi nimezeekea kwenye korido hizi. Mkono wangu unajua ulichoshika."

Kidoti akaichomeka chupa kwenye toroli lake, maana kumbishia mama mdogo aliyekulisha mkate wa kwanza wa mshahara si jambo jepesi.

Basi asubuhi moja Kidoti alichelewa na vyumba vyake, na Kioo akaingia kumsaidia katika chumba cha mwisho, cha mwalimu mstaafu aliyekuwa akisafiri peke yake. Mzee yule alikuwa ameshikwa na mafua, kaenda kuota jua. Kidoti alitandika kitanda, Kioo akaingia bafuni, akaweka chupa yake kando ya sinki, jirani na chupa ya mgeni, akalishughulikia bomba mpaka likasalimu amri. Akazifuta chupa zote mbili kwa kitambaa, kwa kuwa hakuweza kuona alama ya kidole mahali popote akaiacha. Kisha akachukua moja, akatoka akiimba puani.

Mchana, katika chumba kingine, alimimina dawa juu ya bomba. Haikutoa povu. Akanusa mdomo wa chupa, hakusikia harufu. Akatia tone ulimini.

Maji. Maji safi, ya baridi bado.

 Alijua mara moja chupa yake iko wapi, na miguu yake ilikwisha kuelekea mlangoni. Angekimbia wakati ule, angegonga mlango ule akasema "samahani baba, usiinywe", hadithi ingeishia hapo, na labda angetukanwa kidogo. Lakini alipochungulia koridoni alimwona daktari wa meli akipita mbio na mkoba wake, nyuma yake nesi, na mlango wa mwalimu ulikuwa wazi. Mzee alikuwa amemeza kidonge cha mafua kwa funda kubwa. Pua zake zilikuwa zimeziba, hakusikia harufu yoyote mpaka kinywa kilipowaka.

Kioo hakwenda. Alirudi nyuma, akaingia stoo ya mashuka, akafunga mlango. Chupa ilikuwa mkononi, imejaa maji ya mtu mwingine, na stoo haina sinki. Nje sauti ziliongezeka. Msimamizi alikuwa anaita watu wote waje na matoroli yao.

Akayanywa. Aliyanywa yote akiwa amesimama katikati ya mashuka yaliyokunjwa, bila kupumua, mengine yakimwagikia kifuani. Alipomaliza, tumbo lilikuwa zito, na chupa aliyoitumbukiza kwenye kapu la pale la chupa tupu za kuoshwa ikawa chupa kama nyingine zote. Ndipo aibu ilipomshika. Si aibu ya kukosea, hiyo angeivumilia. Ni ile ya mtu aliyejikuta anajua kuficha kitu haraka hivyo, bila hata kujishauri.

Meneja wa vyumba aliwakusanya kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na ndiyo sababu wote walimwogopa. Akasema mzee yuko hai, koo na midomo vimeungua, atakunywa uji kwa muda, na daktari amesema alikuwa na bahati kwa sababu alitema nusu. Kisha akauliza dawa ilifikaje kwenye chupa ya maji, chumbani mwa mgeni.

Akafungua orodha ya vyumba.

"Chumba kile ni cha nani?"

Kidoti akasimama. "Changu, bosi."

"Ulikuwa na dawa kwenye chupa ya chuma?"

"Nilikuwa nayo. Ilikaribia kwisha, nikaitumbukiza kwenye kapu kabla ya chakula. Asubuhi nilijaza maji ya mgeni nikiwa nayo, na sikutazama ndani. Huenda niliyoitupa ndiyo ilikuwa ya maji. Siwezi kula kiapo kwamba si mimi."

Watu wakamtazama Kioo. Alikuwa mkubwa wao, na msichana ni damu yake. Angeweza kusema chochote, na hata kunyamaza kungekuwa na afadhali. Lakini hofu humfanya mtu awe mwema wa maonyesho, na Kioo akasikia mdomo wake ukisema, tena kwa sauti ya kiongozi, "Huyu ni mtoto wa dada yangu, bosi. Lakini sheria ni sheria."

Wengine waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Mfua nguo mmoja alisema baadaye kwamba mama yule hana upendeleo. Tumbo la Kioo lilikuwa bado limejaa maji ya mwalimu.

Iliamuliwa kwamba Kidoti amemwaga unga. Angeteremka bandari inayofuata. Msichana hakulia mbele za watu. Alikunja sare zake vizuri, akaomba kwenda kumwona mzee kumtaka radhi, na mzee, ambaye hakuweza kusema, alimpigapiga mkono. Habari hiyo ilimfikia Kioo akiwa anatandika, akakaa kitandani mwa mgeni, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani.

Jioni akapiga moyo konde, akaenda ofisini kwa meneja.

"Bosi, si yeye. Ni mimi. Niliingia chumba kile kumsaidia, nikabadilisha chupa bila kujua."

Meneja alivua miwani, akamtazama kwa huruma.

"Umejuaje kwamba ulibadilisha?"

Hapo ndipo palipokuwa na neno moja la kusema. Lilikuwa kinywani. Kioo aliiona stoo, akajiona amesimama kati ya mashuka akigugumia, akamwona meneja akimwona vilevile, na ulimi ukawa mzito.

"Ninajua tu."

"Mama," meneja alisema, "mbele ya watu ulisimama upande wa haki, nami nilikuheshimu. Sasa damu imekuwa nzito. Ninakuelewa, mimi pia nina wapwa. Nenda kapumzike."

Angeweza kubisha. Badala yake alihisi mabega yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na alipogundua kwamba kile alichokihisi ni nafuu, alijichukia tangu mlangoni mwa ofisi hadi kitandani kwake. Usiku kucha alijipa moyo kwamba amesema. Amesema, hakuaminiwa, afanyeje? Alilirudia hilo mpaka likakosa ladha.

Asubuhi meli ilitia nanga. Abiria walianza kuteremka na kofia zao, kila mmoja na chupa yake ya chuma ikining'inia begani. Kwenye lango la wafanyakazi Kidoti alisimama na begi lake, na Kioo akaja kumuaga akiwa hajui auweke wapi uso.

Msichana alimshika mikono yote miwili. "Meneja ameniambia ulichofanya jana. Umekwenda kujisingizia kwa ajili yangu, wewe ambaye mkono wako haukosei. Nilikuwa nimekukasirikia kwa yale uliyosema mbele ya watu, mama mdogo. Nisamehe. Asante."

Kioo alitamani sakafu ile ya chuma ipasuke immeze.

"Mama yuko kwenye simu," Kidoti aliendelea. "Nimemweleza, lakini anataka kusikia kwako."

Akaipokea kwa mkono mmoja, mwingine bado umeshikwa na msichana. Sauti ya dada yake ilikuwa imekauka kwa kulia. "Mdogo wangu, sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani. Nilikukabidhi mtoto umfanye mtu, yeye kakutia aibu kazini kwako, na bado ukataka kumbebea. Akifika hapa nitajua la kufanya naye."

"Dada, usimguse."

"Usimtetee tena."

"Simtetei." Kioo alimtazama Kidoti, aliyekuwa akimtabasamia ili kumpa nguvu, na tabasamu hilo ndilo lililomvunja. Alizungumza kwenye simu, lakini macho hakuyaondoa kwa msichana. "Chupa ya mzee niliichukua mimi. Najua kwa sababu nilipotaka kuitumia niliyakuta ndani maji yake. Niliyaonja. Kisha nikajifungia stoo nikayanywa yote, ili asije akayaona mtu. Nilipokuwa nasema sheria ni sheria, nilikuwa nimeshayanywa."

 Kidoti aliuondoa mkono wake taratibu, bila kuukwapua, akautia mfukoni. Tabasamu lilichukua muda kuisha, maana uso ulikuwa haujapata habari.

"Meneja ulimwambia habari ya maji?" akauliza.

"Nilimwambia nilibadilisha chupa."

"Nimeuliza ya maji. Ya stoo."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Angeniamini."

Msichana aliangalia ngazi ya kuteremkia, watu walivyokuwa wakishuka wakicheka. Alikuwa na haki ya kwenda zake, na Kioo, Mungu amsamehe, kwa sekunde moja alitumaini ataondoka. Kidoti akaichukua simu mkononi mwake, akamwambia mama yake atampigia baadaye. Kisha akaweka begi chini, akalikalia.

"Nenda kamwambie," alisema. "Nakusubiri hapa."

"Meneja yuko juu na abiria saa hizi. Wako wote pale."

"Basi watasikia wote."

Kioo alingoja bure Kidoti aongeze neno, hata la kumtukana.  Akageuka, akaanza kupanda, na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake alipita kwenye kioo kirefu cha ukumbini akiwa ameinamisha macho. Meneja alikuwa amesimama katikati ya wageni, karibu na mtambo wa maji, akimwelekeza bibi mmoja jinsi ya kujaza chupa yake.

"Bosi," Kioo alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Jana uliniuliza nimejuaje."