Nywele za Ukutani

Kwa maelezo ya Etiye Bizunesh, jirani wa ukuta kwa ukuta, nywele za Wubalem zilichukuliwa na ndege. Anasema aliona kwa macho yake, Jumamosi asubuhi, alipokuwa anaanika pilipili. Ndege mdogo wa kijivu alitua kwenye nyumba ya kina Wubalem, akachomoa kidonge cha nywele kwenye ufa wa ukuta, akaruka nacho hadi kwenye miti ya kanisani na huko akakifuma kwenye kiota chake. "Tangu siku ile kichwa cha yule binti hakina amani," anasema. "Ndege akishalalia nywele zako, zilizobaki kichwani nazo zinataka kuzifuata." Ukimuuliza alijuaje kuwa zile ni nywele za Wubalem wala si za mama yake, anakujibu kuwa nywele za Wubalem zinajulikana, kisha anakumiminia kahawa ya pili ili usiulize tena.

Hilo la kujulikana lilikuwa kweli. Mama yake, Enatnesh, alikuwa msusi, na pale mlimani Gondar hakukuwa na bibi harusi aliyeolewa bila kichwa chake kupita katikati ya magoti ya Enatnesh. Hakuwa na kibao wala duka. Kibao chake kilikuwa kichwa cha binti yake. Wubalem akienda kisimani, watu walimtazama kwa nyuma: mistari myembamba iliyolala sawasawa kama mifereji ya shamba, ikishuka hadi shingoni na hapo kufunguka kama upepeo.

Na la ukutani lilikuwa kweli pia. Enatnesh hakutupa unywele hata mmoja. Kila alipomaliza kumchana mwanawe alizikusanya zilizobaki kwenye kitana, akaziviringisha kwa vidole mpaka zikawa kidonge, akakisukuma kidonge ndani ya ufa wa ukuta wa udongo ili asikikanyage mtu wala usikiunguze moto. Alianzia mlangoni, mwaka ambao Wubalem alinyolewa kishungi cha utotoni na kuachwa afuge. Akawa anasogea, ufa kwa ufa, kuelekea dirishani. Wubalem alikua akiutazama ukuta ule ukijaa. Alipokuwa mdogo aliamini kuwa nyumba nayo inaota nywele.

Alichokipenda kuliko vyote ni Jumamosi. Alikaa chini, mabega yake katikati ya magoti ya mama, jua likiingia mlangoni kama mgeni asiye na haraka. Wakati wa mfungo siagi haiingii chunguni, basi yote iliishia kichwani, na ilipokuwa inayeyuka ilimtiririka nyuma ya masikio, ikinuka maziwa na moshi. Vidole vya mama vilikwenda vikirudi. Wubalem hakulala wala hakuwa macho. Aliona vitu: mto unaopanda mlima badala ya kushuka, watu wanaovuna usiku bila taa, farasi mweupe anayechungulia dirishani na kuuliza kama wamemaliza. Mama alipofika kwenye mapanja, pembeni mwa paji la uso, alivuta, na farasi akatoweka, na machozi yakamtoka Wubalem bila yeye kulia.

"Imekaa?" mama aliuliza.

"Imekaa."

"Basi vumilia. Uzuri haukai mahali palipolegea."

Asubuhi moja, majuma matano kabla ya harusi, Wubalem alijitazama kwenye kioo cha dirisha na kuona kuwa uso wake umekuwa mrefu. Akagusa. Kwenye mapanja yote mawili, mahali ambapo zamani palikuwa na nywele laini za pembeni, palikuwa na ngozi tupu, upana wa vidole viwili, inang'aa kama kisahani kilichofutwa.

Harusi yake na Getaneh ilikuwa Jumapili inayofuata Fasika, yaani Pasaka. Siku ya pili yake, siku ya melsi, bibi harusi hukaa kichwa wazi, amesukwa upya, na wanawake wa upande wa mume humzunguka na kumtazama kwa starehe zao. Enatnesh alikuwa ameingoja siku hiyo tangu ufa wa kwanza. Akampeleka mwanawe kwenye maji ya baraka, asubuhi saba mfululizo, na asubuhi ya nane Wubalem akasema kwa sauti ndogo kwamba amesikia kuna daktari wa nywele mjini.

"Daktari wa nywele," mama akarudia, kama mtu aliyeambiwa kuna daktari wa kivuli. Lakini akakubali.

Kijana wa dirisha la mapokezi, kule kliniki ya ngozi, aliwapa siku na masharti. "Mje Alhamisi. Asitie siagi wiki nzima, daktari anataka kuona ngozi, si mafuta. Na nywele zinazodondoka mzikusanye, mje nazo." Hakusema zinazodondoka kuanzia lini. Kwake yeye lilikuwa jambo linaloeleweka. Kwa Enatnesh pia lilikuwa jambo linaloeleweka.

Jumatano mchana Wubalem alirudi kutoka kusaga, akamkuta mama amepiga magoti mbele ya ukuta, sindano ndefu ya kushonea magunia mkononi, anatoa vidonge kimoja kimoja. Alivifunga kila kimoja kwa kipande cha karatasi ya daftari na kuvipanga kwenye kikapu, cha mlangoni kwanza, cha dirishani mwisho.

"Emaye, unafanya nini?"

"Daktari anataka nywele zilizodondoka. Atazipata." Akapuliza vumbi kwenye kidonge kimoja, akatabasamu. "Hizi ulikuwa na surua. Unakumbuka? Ulikuwa huli chochote ila asali."

Ukuta ulikuwa umebaki na matundu. Upepo ulipita humo na kutoa sauti ndogo, kama mtu anayejifunza kupiga mluzi.

Kwenye benchi la kliniki walikaa kati ya mzee aliyevaa kofia mbili na mama mmoja mnene aliyejitanda mtandio hadi kwenye nyusi. Mwanga wa dirisha lililopakwa chokaa ulikuwa mweupe, na watu wote walikuwa wamefunika vichwa, wametulia, kama waliokuja kwenye ibada ambayo hakuna anayeijua. Yule mama mnene alikitazama kikapu.

"Mmemletea daktari mayai?"

"Nywele," alisema Enatnesh.

"Za nani?"

"Zake huyu."

"Zote hizo?"

"Zote, tangu alipoanza kufuga."

Yule mama alifikiri kidogo, kisha akasogea upande wa ukuta. "Mimi nimeleta kichwa tu," alisema. "Sikuambiwa tulete na ukoo."

Wubalem alicheka ndani ya mtandio wake, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Daktari aliitwa Tsedale. Alikuwa mwanamke wa makamo, nywele zake mwenyewe amezikata zikabaki urefu wa ukucha, na Enatnesh alizitazama kwa huruma iliyo wazi. Daktari alipoona kikapu aliinua karatasi moja, akaifungua, akainua ya pili.

"Mama, nilitaka za wiki moja."

"Wiki moja itakwambia nini? Hapa ipo miaka kumi na saba."

Daktari alifunika mdomo kwa mkono. Kisha akaacha kucheka, akavuta kiti. "Umezipanga?"

"Nimezipanga. Mimi si mtu wa kuchanganya."

Kwanza alimtazama Wubalem. Alimgawa nywele kwa vidole baridi, visivyovuta, akamwekea kichwani kitu kidogo chenye jicho la kioo na taa, na kwenye skrini ya mezani kukatokea nchi. Wubalem hakujua mara moja kuwa ni yeye. Aliona uwanda wa rangi ya udongo, na mashina mawili mawili, matatu matatu, yaliyosimama mbali mbali, kama shamba la tefu lililokwisha kuvunwa na kusahaulika. Jicho lilisogea na nchi ikasogea. Kulikuwa na mahali penye matundu madogo meusi, matupu, yanayongoja. Kisha matundu yakaisha na ikabaki tambarare laini inayong'aa, na aliitazama kwa muda mrefu, akihisi kuwa akikaza macho ataona mtu mdogo anapita huko, amebeba mtungi, anatafuta njia ya kurudi.

"Hapa," daktari alisema, akigusa matundu kwenye skrini, "mlango bado uko wazi. Unywele unaweza kurudi ukiachwa kwa amani na kupakwa dawa. Na hapa," akagusa tambarare, "mlango umejifunga. Sitakudanganya, hapa hapatarudi kitu."

"Ni jicho baya," alisema Enatnesh. "Kuna mtu alimsifu bila kumtaja Mungu."

Daktari hakubisha. Alichukua kidonge cha mwanzo wa kikapu, akakitandaza chini ya lenzi. Kila unywele ulikuwa na kichwa kidogo cheupe, kikavu. "Hizi zilikomaa zikaaga zenyewe, kama jani. Kila mtu anadondosha hivi." Akachukua cha katikati, vilevile. Akachukua cha karibu na mwisho. Hapa nywele zilikuwa zimeshikana kwa makundi, na kila shina lilikuwa limevaa kitu kama ngozi ya kitunguu, na nyingine zilikuwa vipande tu, zimekatika njiani. "Hizi hazikuaga," alisema. "Hizi zimeng'olewa. Mama, hii ni ya lini?"

Enatnesh aliinama akaitambua karatasi. Uso wake ukanawiri. "Mfungo wa mwaka juzi. Ndipo wazee walipokuja kuposa."

"Kitu gani kilibadilika hapo?"

Wubalem alitazama sakafu. Alijua. Kabla ya wazee wale alisukwa mara mbili kwa mwezi, misuko minane. Baada yao ikawa kila Jumamosi, misuko ishirini na minane, myembamba kama uzi, ili kila anayetoka kwa wakwe apate cha kusimulia. Jumamosi zile alilala chali kwa sababu kulala ubavu kulimwumiza kichwa, na asubuhi palikuwa na vipele vidogo kwenye mapanja, naye alivifunika kwa mtandio. Hakuwahi kusema. Angesemaje, na mama alikuwa anasuka huku anaimba.

"Nani humsuka?" daktari aliuliza.

Wubalem alifungua mdomo aseme jina la mtu yeyote, hata la mtu asiyekuwepo. Mama alimtangulia. Alinyoosha mikono yake juu ya meza, chini ya taa, viganja juu, jinsi fundi anavyoonyesha kazi.

"Mimi," alisema. "Hakuna mwingine aliyewahi kumgusa."

Daktari aliitazama ile mikono. Wubalem alimwona mama yake akielewa. Haikumjia kwa mkupuo. Alitazama skrini, akatazama karatasi za mwisho kwenye kikapu, moja, mbili, tatu, zote za karibu na dirisha, kisha akairudisha mikono polepole, akaiweka mapajani na kuifunika kwa ncha ya mtandio.

"Ulimtakia mema," alisema daktari kwa sauti ya chini. "Wengi wanaokaa kwenye kile kiti wametakiwa mema." Akaandika dawa ya kupaka. Akasema mwaka mzima asisukwe kwa kuvutwa, ziachwe au zifungwe kwa ulegevu. Akamgeukia Wubalem, wala si mama. "Mapanja yako yako ukingoni. Msuko mmoja wa kukaza, na ile milango iliyobaki itajifunga. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Bajaji iliwapandisha mlima katika mwanga wa saa tisa, vumbi limesimama hewani kama limesahau kuanguka, na kikapu kilikuwa mapajani mwa mama, chepesi, kama mtoto aliyelala. Wubalem alitaka kumwambia kuwa haikuuma sana. Aliyapanga maneno, yakawa marefu, akayaacha.

Etiye Bizunesh alikuwa mlangoni anawangoja, moto wa kahawa umeshawashwa.

"Haya, kasemaje huyo daktari wenu?"

Enatnesh alipita bila kusimama. "Kasema ni ndege," alisema.

"Si niliwaambia?" Etiye Bizunesh akampiga Wubalem begani kwa furaha. "Mnakwenda hadi mjini kuulizia jambo ambalo mimi naliona nikiwa naanika pilipili."

Wubalem hakumsahihisha. Aliingia ndani. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo kwenye ukuta wenye matundu, mikono yake imelala imefunguka magotini, haina la kufanya. Alionekana mdogo. Alikaa hivyo mpaka jua likafika miguuni pake.

"Wakwe watakaa hivi," alisema mwishoni, akionyesha kwa kidevu. "Watakuzunguka. Mama yake Getaneh ameniambia mbele za watu kwamba anaingoja kazi yangu. Nikikutoa umefunga kitambaa, watasema nini? Watasema Enatnesh amesuka mabinti wa watu wote, wa kwake amemtoa hivi hivi."

"Emaye."

"Ngoja nimalize. Nimesikia alichosema. Mimi si kiziwi." Aliinua mikono akaitazama pande zote mbili, kama mikono ya mgeni. "Mara moja tu. Ya melsi. Nitakwenda polepole, sitavuta. Ukiniambia acha, naacha. Halafu sitagusa tena, hata zikifika kiunoni sitagusa."

Wubalem alijua kwamba mikono ile haijui kusuka bila kuvuta, kama ambavyo mtu hajui kupiga chafya polepole. Alijua kuwa mama anajua. Nje Etiye Bizunesh alikuwa anatwanga kahawa, na kila mchi uliposhuka vumbi laini lilidondoka kutoka kwenye matundu ya ukuta, likapita kwenye mwanga, likatua juu ya mtandio wa mama. Alisimama katikati ya chumba na kichwa chake chepesi, kisicho na siagi, kinachohisi kila upepo.

Mama alifungua magoti yake kidogo, akaacha nafasi ile ya kila Jumamosi.

"Mara moja tu, mwanangu," alisema. "Eti, Wubalem?"