Jani Mdomoni

Kijijini Kitangari kila mtu anajua namna ya kufagia chini ya mkorosho wenye nyigu. Unang'oa jani la nyasi, unalibana kwa meno, unaingia na husemi neno mpaka umalize. Ukifungua mdomo wanakuuma, na ukitoka kazi ikiwa nusu wanakufuata. Yuliana, ambaye wote humwita Mama Huruma, alifundishwa hivyo na marehemu mumewe Nikolao, na kwa miaka ishirini nyigu hawakuwahi kumgusa.

Danieli alilijua hilo vizuri. Alikuwa mtoto wa dada yake Nikolao, na tangu mazishi alikuwa akidai kwamba kwa mila mali ya mjomba ni ya mpwa. Mikorosho kumi na tisa, na msimu ndio huo unaanza. Yuliana akinyang'anywa, yeye na mwanawe Huruma wangebaki kuombaomba mihogo. Mzee Erasto, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa ameahidi kufika shambani kusikiliza pande zote mbili. Siku akaichagua Danieli, mjanja yule. Alingoja mpaka alipomwona mjane kaingia chini ya mkorosho mkubwa, jani mdomoni, kiota cha nyigu kinaning'inia shibiri mbili juu ya kichwa chake. Ndipo akaenda kumwita mwenyekiti.

Walipofika, Danieli aliamkia kwa adabu zote. Yuliana akaitikia kwa kichwa tu. Kisha Danieli akaeleza madai yake taratibu, kwa sauti ya kanisani: mikorosho aliipanda mjomba peke yake, mama huyu aliikuta tayari inazaa, na kama ni uongo, yupo hapo, akanushe.

Erasto akamtazama Yuliana, akangoja.

"Anayenyamaza amekubali," Danieli akasema.

Nyigu walikuwa wakivuma juu ya sikio la Yuliana. Miaka yote jani lile lilimlinda yeye, na leo lilikuwa linamlinda Danieli. Akalitema.

"Mwongo," alisema, na nyigu wa kwanza akamdunga shavuni. "Nikolao alichimba mashimo. Maji nilibeba mimi." Wa pili akamdunga kwenye kope. "Kutoka bondeni, ndoo kichwani, viangazi viwili, cha pili na mimba ya Huruma tumboni. Huu ndio wa kwanza. Ule wenye kovu uliungua moto, nikaumwagilia mpaka ukachipua. Wewe ulikuwa Masasi, Danieli. Hata jembe hukushika."

Danieli alisharudi nyuma hatua kumi, anapunga mikono. Kutoka huko akamwambia mwenyekiti ajionee mwenyewe, nyigu wamemkataa, maana mwenye haki hawamuumi.

Yuliana hakutoka. Jicho lilikuwa linafumba, machozi yanamtoka bila ruhusa yake, na ufagio bado uko mkononi.

"Wameniuma kwa sababu nimesema," alijibu. "Na nimeshasema. Kama mti ni wako, njoo usimame chini yake."

Danieli hakwenda. Erasto alimngoja kidogo, kisha akatoa daftari, akamwomba Mama Huruma arudie mti mmoja mmoja, naye akiandika kutoka mbali kama mtu mwenye akili zake.

Kesho yake asubuhi Yuliana alirudi chini ya mkorosho uleule, jicho moja limefumba kabisa. Hakung'oa jani. Alifagia huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti yake yote. Nyigu waliuma, naye akaimba mpaka ubeti wa mwisho.