Kipande cha Waya

Siku ile mwanamke alipofika akisukuma pikipiki, Yunusi alikuwa anakaribia kushinda. Kwa wiki nzima Geofrey, fundi mwashi wa hapo hapo Bigwa, alikuwa akimchapa kwenye drafti mbele za watu na kumtania mpaka jioni. Leo Geofrey alibakiwa na kete mbili tu, nazo zimebanwa pembeni.

"Kaka, nisaidie haraka," mwanamke alisema. Ushungi wake ulikuwa umelowa jasho. "Tairi la nyuma. Mimi ni mkunga, zahanati ya huko juu Kinole. Nilishuka mjini kufuata dawa, sasa wamenipigia simu. Kuna mama ameshikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya."

"Ondoa shaka, dada. Sasa hivi unaondoka."

Yunusi hakuwa fundi wa kubabaisha. Alikuwa na miaka tisa akiziba pancha kwenye kona ile, na madereva wa bodaboda walimjua. Aling'oa msumari uliokuwa umejichomeka kwenye tairi, akalifungua, akavuta tyubu na kuijaza upepo. Alipoizamisha kwenye beseni la maji, mapovu yakamwonyesha tundu. Akalikwangua, akapaka gundi, akasubiri ikauke kidogo, akabandika kiraka na kukigonga.

Ilibaki kazi moja. Kabla ya kurudisha tyubu, fundi hupitisha vidole ndani ya tairi, mzunguko mzima, polepole, kwa maana kinachotoboa tyubu hakiji peke yake kila mara. Ni kazi ya dakika moja.

"We Yunusi!" Geofrey aliita. "Unakuja kucheza au umekimbia?"

Watu wakacheka. Yunusi naye akacheka. Msumari si alikuwa ameung'oa kwa mkono wake mwenyewe? Akarudisha tyubu, akafunga tairi, akapiga pampu.

"Mungu akubariki, kaka," mkunga alisema, akawasha pikipiki na kuondoka. Yunusi akarudi kwenye ubao. Alishinda, na watu wakamshangilia.

Siku ya tatu yule mkunga alirudi. Pikipiki ilikuwa nzima. Aliiegesha, akamsalimu Yunusi vizuri, kisha akamwomba wasogee kando. Akafungua leso na kumwekea kiganjani kipande cha waya chembamba, kisichozidi urefu wa punje ya mchele.

"Kilikuwa ndani ya tairi," alisema. "Nilipita Kiroka, nikaanza kupanda, nikaona pikipiki inayumba. Pale hakuna nyumba wala fundi. Niliisukuma mpaka nikampata mwenye vifaa. Saa mbili zilipotea, kaka."

Yunusi aliutazama ule waya. Ulikuwa wa zile nyuzi zinazotoka kwenye matairi makuukuu ya malori. Vidole vyake vingeugusa. Lazima vingeugusa.

"Na yule mama?"

"Mama yupo. Mtoto nilikuta ameshatangulia. Wa kiume." Akaikunja ile leso. "Siwezi kuapa kwamba ningewahi angepona. Sikuja kukushtaki. Nimekuja ili kesho usimfanyie mwingine hivyo."

Afadhali angetukana. Yunusi alifumba kiganja juu ya ule waya. Mwishowe akauliza tu, "Anaitwa nani huyo mama?"

"Shadya. Mumewe ni Said, mkulima wa mdalasini. Utakwenda kufanya nini?"

"Sijui, dada."

Kesho yake hakufungua kazi. Alipanda bodaboda ya rafiki yake mpaka Kinole, kisha akaelekezwa njia ya miguu inayopita kwenye migomba. Njia nzima alipanga maneno. Alipofika uani akakuta mama mtu mzima anaanika pilipili manga kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kutupa pole?"

"Ndiyo, mama."

Mama akamwita Said. Alikuwa kijana mwembamba mwenye macho mekundu. Akamkaribisha mgeni kwenye kigoda kama mgeni yeyote wa msiba, akaitikia pole yake, akasema ndiyo mipango ya Mungu. Hapo ingewezekana kunyanyuka, kuaga na kushuka mlima. Yunusi aliiona nafasi hiyo wazi kabisa, na aliitamani.

"Said, ndugu yangu," alisema, "mimi ndiye niliyeziba pancha ya mkunga." Akaeleza yote, hata drafti, hata kicheko. Maneno aliyoyapanga njiani hayakumsaidia kitu.

Mama yake Said alisimama na pilipili mkononi. Kuku walipita kati yao, wakadonoa, wakaenda zao.

"Umekuja ili wewe upumue," Said alisema mwishowe, "au umekuja kwa ajili yetu?"

Yunusi aliinamisha kichwa. "Sijui. Labda ili nipumue."

"Basi hutapumua hapa. Simama." Akaelekea mlangoni. "Mke wangu hali chakula. Anasema yeye ndiye aliyemuua mtoto. Uchungu ulimwanza alfajiri, akavumilia mpaka adhuhuri bila kusema, akidhani bado. Nimembembeleza nimechoka. Ingia umwambie hayo uliyoniambia mimi. Usipunguze hata neno."

Ndani mlikuwa na giza kidogo. Shadya alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, khanga mbili mwilini. Alikuwa binti mdogo kuliko Yunusi alivyofikiri. Said alikaa pembeni yake. Yunusi alibaki amesimama, akasimulia tena, na safari hii kila neno lilikuwa zito maradufu, kwa sababu yule binti alimtazama usoni mpaka mwisho.

"Ulikuwa unacheza," Shadya alisema.

"Nilikuwa nacheza."

"Na mkunga alikwambia kuna mama ana uchungu?"

"Aliniambia."

Akavuta khanga mabegani. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, dada. Mkunga alikuwa njiani. Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Hapo Shadya akalia. Alilia kwa sauti, na kutoka uani mama mkwe akasema, "Mwacheni alie, leo ndiyo mara ya kwanza." Said alimkumbatia mkewe, kisha bila kumtazama Yunusi akamwonyesha mlango kwa mkono.

Hakuna aliyemwambia amesamehewa, naye hakuuliza. Alimuaga mama, mama akaitikia kwa kichwa, kisha Yunusi akateremka peke yake kati ya migomba. Kilio kilimfuata mpaka kwenye kijito, na hata alipovuka bado alikisikia. Akasimama pale kwa muda mrefu, akisikiliza, asijue kama anapaswa kwenda zake au kungoja mpaka kiishe.