Kunguni wa Mama Pasi

Asubuhi hiyo Mama Pasi alikuwa anamvua mtoto nguo ili amwogeshe, akaviona vipele vingine. Vilianzia nyuma ya sikio, vikashuka shingoni hadi begani, kimoja baada ya kingine. Siku zote hizo alikuwa anasema ni joto. Joto likakataa, akasema ni mbu. Lakini mtoto analala ndani ya chandarua, na tangu lini mbu wakapanga foleni?

Akarudi kitandani, akavuta shuka. Karibu na mto palikuwa na doa dogo la damu, limekauka. Pembeni yake kamdudu ka rangi ya kahawia, bapa kama dengu iliyobanwa, kanatembea taratibu kama kenye nyumba. Akakabonyeza kwa ukucha. Ile harufu ilipompanda puani aliijua papo hapo, maana aliwahi kulala bweni. Kunguni!

Jamani, mngemjua Mama Pasi ndiyo mngeelewa kwa nini neno hilo lilimtisha. Jina hilo hakupewa kwa ufundi cherehani peke yake. Mwanamke yule anapiga pasi hata matambara ya jikoni. Ukimtembelea, kabla hujakaa ameshafuta kiti, ukiinuka anakifuta tena, mpaka unajiuliza umemkosea nini. Na wateja walimpendea hilo hilo: nguo ya mtu haikugusa sakafu nyumbani kwake hata kwa bahati mbaya. Meza ikijaa, kazi za watu zinakunjwa vizuri na kupangwa kitandani, upande wa miguuni, juu ya shuka jeupe. Ole wako upitishe kikombe cha chai karibu yake.

Sasa kunguni? Kwake? Na leo leo Mwalimu wa chekechea anakuja kuchukua sare za darasa zima, kazi kubwa ambayo hajawahi kupata nyingine kama hiyo. Habari hii ikitoka nje ya mlango, nani atamletea tena hata kitufe cha kushona?

“Wametoka wapi hawa?” alijiuliza, na jibu hakulitafuta mbali. Begi la mama mkwe.

Mama mkwe alikuja mtoto alipozaliwa, kwa sababu mume wa Mama Pasi ni dereva wa malori na nyumbani anaonekana kama mgeni. Tuseme ukweli, bila bibi huyo cherehani ingekuwa imeota kutu. Yeye ndiye aliyembeba mtoto, akambembeleza na kumwogesha ili mwenzake ashone. Lakini begi lake lilikuwa kuukuu, limelala kwa kila ndugu wa ukoo. Halafu kulikuwa na jambo jingine lililomkereketa Mama Pasi. Majuzi alitoka sokoni akamkuta bibi amepiga magoti kando ya kitanda chake, kashika sindano kubwa ya kushonea magunia.

“Unatafuta nini, mama?”

“Aa, sindano ilinidondoka tu.”

Sindano ya bibi idondoke chumbani kwa mkwewe, inahusu? Siku ile alilimeza. Leo lilimpanda kooni.

Akamwogesha mtoto haraka haraka, akampeleka uani kwa bibi aliyekuwa anaota jua, kisha akarudi ndani akijifanya anatafuta uzi. Akaingia chumbani kwa mama mkwe. Roho mkononi, masikio nje.

Kitanda cha bibi kilikuwa kimesogezwa mbali na ukuta. Shuka zilichomekwa chini ya godoro, hakuna hata ncha moja iliyoning'inia. Na kila mguu wa kitanda ulisimama ndani ya kopo la maji yenye mafuta juu yake, mdudu akipanda azame humo.

Makopo! Mtu asiye na kunguni anaweka makopo ya nini? Damu ilimchemka. Hakufunua godoro wala hakuangalia mishono, na begi lenyewe hakuligusa. Alitoka pale kama ameitwa.

“Mama, kwa nini hukuniambia?” Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. “Ungeniambia tu umekuja na kunguni! Tungechemsha vitu vyako siku ile ile yakaisha! Wewe umejiwekea makopo yako, umelala raha mustarehe, mwanangu anatafunwa!”

Kwenye kamba ya nguo alikuwepo jirani wa chumba cha mbele, yule wanayemwita Mama Redio. Sina haja ya kueleza kwa nini. Aliganda na shuka lake mikononi, linadondosha maji miguuni kwake, wala hakusogea.

Mama mkwe alimtazama Mama Redio. Kisha akanyoosha mikono, akamrudishia mama mtu mtoto wake.

“Sawa, mwanangu,” alisema. “Ngoja nikusanye vitu vyangu.”

Mama Pasi alitaka ugomvi, akakosa wa kugombana naye, na hilo likamchoma zaidi. Akamfunga mtoto mgongoni, akaingia chumbani kwake kutoa godoro aliweke juani. Aliondoa kwanza sare za chekechea, akaziweka mezani. Chini yake yalikuwepo makava ya makochi ya mteja fulani aliyetaka zipu mpya. Hayo nayo akayasogeza. Halafu akainua godoro upande wa miguuni.

Sakafuni, chini ya mbao za kitanda, palikuwa na kikombe cha maji ya sabuni. Ndani yake wamezama kunguni, wakubwa kwa wadogo, tabaka zima. Kando ya kikombe, sindano ya magunia.

Taratibu akaanza kuangalia vizuri, jambo ambalo angelifanya tangu mwanzo. Mshono wa godoro ulikuwa na vidoa vyeusi mstari mzima, kama mtu alikuwa anajaribu kalamu. Kwenye pembe kulikuwa na maganda yao waliyojivua, makavu, mepesi, na mayai meupe madogo kuliko punje ya chumvi. Upande wa kichwani walikuwa wachache. Upande wa miguuni, pale zinapolala kazi za wateja, ndiko kulikokuwa na mji wao.

Akavuta kava moja la kochi, akageuza pindo. Wamebanana humo.

Hapo kichwa kilianza kufanya kazi. Makava yale yaliletwa lini? Vipele vilianza lini? Mama mkwe ana miezi humu ndani na mtoto alikuwa mzima. Makava yalipofika hakuyakung'uta nje, hakuyaanika juani, hakuyatia kwenye maji ya moto. Aliyachukua mikononi mwa mteja akayaweka moja kwa moja kitandani anapolala mwanawe, yasije yakaguswa na vumbi la sakafu. Ni yeye. Kwa mikono yake miwili. Mama wa watu alikuwa anainama humo kila mkwewe anapokwenda sokoni, anawachokoa mmoja mmoja, na yeye amemwaibisha mbele ya Mama Redio.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha akakumbuka sare. Zilikuwa juu ya yale makava! Akakimbilia mezani, akageuza kola ya kwanza. Safi. Ya pili safi. Ya tatu, kadogo kamejibana kwenye mshono, kametulia tuli.

“Hodi hapa!” ilikuwa sauti ya Mwalimu mlangoni. “Fundi, nimekuja kama tulivyoahidiana. Watoto wangu wamenisumbua na hizo sare, we acha tu!”

“Karibu, Mwalimu,” alijibu, na sauti haikuwa yake.

Mwalimu aliingia na mfuko mkubwa, akaziona sare mezani, uso ukamchanua. “Eeh, kazi si ndiyo hii! Nitazitia tu humu, gari linanisubiri.”

Mama Pasi alisimama kati ya Mwalimu na meza. Angemwambia nini? Akinyamaza, sare zitaondoka, sifa itabaki, na darasa zima litarudi nyumbani na kunguni kwenye kola. Watoto wenye ngozi laini kama ya huyu aliyeko mgongoni. Akisema, Mama Redio yuko hapo nje hajaanua wala hajaanika. Mwalimu alishanyoosha mkono.

“Mwalimu, samahani.” Alikuwa mama mkwe. Alikuwa amesimama kizingitini, begi mkononi, kilemba amekifunga cha safari. Aliziangalia sare, akaangalia kitanda kilichoinuliwa, akamwangalia mkwewe usoni, na bila shaka alielewa kila kitu. “Nimemwagia maji sare zako, mwanangu. Uzee huu. Fundi hapa anaona haya kukwambia. Mwachie azifue upya azipige pasi, urudi kesho kutwa.”

Akasema hivyo kwa upole kabisa, huku begi likimning'inia mkononi, yeye aliyefukuzwa.

Mama Pasi alimtazama bibi na begi lake. Angeweza kuitikia kwa kichwa tu, yakaisha hapo.

“Mama anadanganya,” alisema. “Hakumwaga maji. Sare zako zina kunguni, Mwalimu. Wametoka kitandani kwangu, nikawaleta mimi, kwa makava ya watu niliyoyapokea bila kuyakagua.” Akageuka kuelekea uani, akapaza sauti kama alivyoipaza mara ya kwanza. “Na wewe jirani, usikie vizuri! Kunguni ni wangu! Mama mkwe wangu hakuja na mdudu hata mmoja!”

Mwalimu alirudi nyuma, akajikung'uta mikono ingawa hakuwa amegusa kitu. “Kunguni? Kwa watoto wangu?” Alimtazama Mama Pasi kama hamjui. “Basi kaa nazo. Nitatafuta kitambaa kingine na fundi mwingine.” Akaondoka bila kuaga. Uani shuka la Mama Redio lilikuwa tayari kwenye kamba na mwenyewe hayupo, kazi imeshamwita.

Wakabaki wawili na mtoto.

“Ungesubiri aondoke, mjinga wewe,” bibi alisema. “Si tungezichemsha tu? Nani angejua?”

“Kwa nini hukuniambia, mama?”

“Nikwambieje? Tone la chai tu mezani linakutoa machozi. Nikasema nitawamaliza polepole, usijue, makopo nikajiwekea nisije nikawahamishia kwangu.” Aliweka begi chini. “Lakini lile neno la pale uani, mwanangu, limeniingia. Nimezaa, nimelea, sijawahi kuitwa mchafu.”

Mama Pasi alipiga magoti, akaanza kulia, na maneno ya kuomba radhi yakawa yanatoka nusu nusu. Bibi hakumwinua. Alizunguka nyuma yake, akafungua khanga, akamtoa mtoto mgongoni na kumweka begani.

“Nitabaki kwa ajili ya huyu,” alisema. “Wewe bado sijakusamehe. Nyanyuka ubandike maji, sufuria kubwa, na hayo makava usiyakokote kwenye chumba kingine.”

“Ndiyo, mama,” akasema Mama Pasi, akaenda kuwasha jiko.