Lori la Maziwa na Gari la Kijivu

"Hii nayo ni filamu?" shemeji aliuliza, miguu juu ya stuli, bakuli la karanga mapajani. "Tangu tukae hapa lori linateremka, gari linalifuata. Lori linateremka, gari linalifuata. Hata kofi moja hatujaona."

"Subiri," dereva alisema.

"Nasubiri, shemeji. Ila karanga ndizo hazisubiri."

Mke wa dereva alicheka bila kuinua macho kutoka kwenye gauni alilokuwa akilikunja pindo. Alikuwa fundi wa kushona, na Jumapili yake haikutofautiana sana na Jumatatu yake. Mla karanga huyo alikuwa mdogo wake, mtu wa maneno mengi, na ndiye aliyeileta diski baada ya kuikuta kwa muuza vitu chakavu. Kwa miaka alikuwa amemsikia mume wa dada yake akiisifu filamu hii, akisema kama hiyo haitatengenezwa tena, mpaka akaona heri waitazame pamoja ubishi uishe. Alidhani amemletea mwenzake zawadi. Kumbe amemletea mtihani.

Maana dereva hakuwa anaiona.

Si kwamba alikuwa kipofu. Pembeni aliona vizuri tu: pazia, ukingo wa kabati, soksi ya shemeji yenye tundu kwenye kidole gumba. Lakini katikati, pale hasa alipoelekeza macho, palikuwa na doa la ukungu, na doa hilo lilimwandama kila alikotazama. Lilianza dogo. Akadhani ni uchafu kwenye kioo cha gari, akakisugua asubuhi nzima. Sasa lilikuwa limekua kiasi cha kumeza uso wa mtu. Watu aliwatambua kwa sauti, kwa mwendo na kwa viatu. Na kila siku ya kazi alikaa nyuma ya usukani wa basi la kiwanda, akawachukua watu wa mtaa mzima kuwapeleka zamu ya asubuhi, shemeji huyu akiwa mmoja wao.

Aliogopa. Hakuna haja ya kuzungukazunguka, mtu huyu aliogopa. Aliogopa akipapasa ufunguo mezani, aliogopa njiani, na aliogopa zaidi akifika salama, kwa sababu kufika salama kulimpa kisingizio cha kurudi tena kesho yake. Juma lililopita baiskeli ilichomoza kutoka ndani ya lile doa, mbele kabisa ya bampa, kana kwamba imeota kwenye lami. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Abiria wakaangukiana, mwenye baiskeli akatukana matusi ya nguoni akaenda zake. "Taratibu leo ameota ndoto mbaya," abiria walitania. Taratibu ndilo jina walilompa, maana siku hizi aliendesha polepole hata mikokoteni ilimpita. Naye alicheka pamoja nao, akaingiza gia, wakaendelea na safari.

Mara nyingi alijiambia atasema. Lakini tangu ujana wake hakuwa amefanya kazi nyingine, na hata nyumbani, akikaa mezani kula, alikaa kiti kinachotazama mlango, kama mtu anayetaka kuona kinachokuja. Akishuka kwenye basi lile atakuwa nani? Kila asubuhi aliamka akaenda kuliwasha.

"Haya, nieleze," shemeji alisema. "Uzuri wake uko wapi?"

Hapo dereva alipata nguvu kidogo, kwa kuwa filamu hii hakuhitaji macho kuijua. Alipokuwa kijana aliitazama akiwa amesimama nyuma ya ukumbi, siku baada ya siku, mpaka bawabu akachoka kumdai tiketi. Akamsimulia yote: mwenye lori la maziwa anateremka mlima mrefu. Nyuma yake kuna gari la kijivu lisilo na namba. Akipunguza mwendo, linapunguza. Akiongeza, linaongeza. Halipiti na halibaki, na anayeliendesha haonekani uso. Mwishoni, kwenye kona kali, mwenye lori anatoa mkono dirishani na kulipungia lile gari lipite. Linapita. Ng'ambo ya kona kuna basi linapanda. Inasikika honi ndefu, halafu kimya, na filamu imekwisha.

"Uzuri wake ni kwamba inakutisha bila kukuonyesha kitu," alisema. "Nyinyi mpaka muone damu ndipo mwogope. Mtu mzima anaogopa asichokiona."

"Hawakuwa na gari la kulipua, basi. Walibana matumizi."

"Wewe ungetaka kila kitu kilipuke."

"Kidogo tu, shemeji. Hata lile pipa la maziwa."

"Mimi siipendi kwa sababu ya mwisho wake," mke alisema, akikata uzi kwa meno. "Alinipeleka kuiona tulipokuwa wachumba, nikarudi nyumbani nimenuna. Hatuambiwi kama yule wa lori aliliona basi au hakuliona. Kama aliliona, ni muuaji. Kama hakuliona, alipunga mkono wa nini?"

"Aliliona," dereva alisema.

"Basi ni muuaji."

"Alikuwa anaogopa. Umefuatwa hivyo njia nzima, unaogopa."

"Kuogopa ndiyo ruhusa ya kuua?"

"Mimi nasema hakuliona," shemeji akadakia. "Alibahatisha tu."

"Dereva habahatishi." Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Aliye mbele ndiye macho ya aliye nyuma. Ukimpungia mwenzako apite umemwambia njia nyeupe. Hilo huwezi kulibahatisha. Anayebahatisha hapo hafai kushika usukani."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akajitia kuweka mto vizuri kwenye kiti.

Wakati huo ndipo picha ilipokwama. Diski ilikuwa na mikwaruzo kama sufuria ya zamani, na ilipofika mahali fulani ikagoma. Kwenye kioo cha televisheni wakabaki ng'ombe wawili kando ya barabara, mmoja kafungua mdomo, hawasogei. Sauti lakini haikugoma. Lori liliendelea kunguruma, breki zikaendelea kupumua, na dereva, ambaye kwake hakuna kilichobadilika, akasogea kwenye ukingo wa kiti.

"Tazameni sasa," alisema. "Kona yenyewe ndiyo hii. Mwangalieni kwenye kioo cha pembeni anavyomeza mate. Haya, mkono. Huo, unatoka. Viangalieni vidole vyake, havina haraka."

Alikuwa amenyoosha kidole, na kidole kilielekea kwenye tumbo la ng'ombe.

Shemeji alipasuka kicheko mpaka maganda ya karanga yakamwagika. "Shemeji, leo umeniweza. Dada, muone ng'ombe wa mumeo, ana vidole."

Dereva alicheka pia. Alicheka akiwa amechelewa, bila kujua anachekea nini. Alisubiri kicheko cha mkewe nacho kije, hakikuja. Hata mkwaruzo wa sindano kwenye kitambaa ulikuwa umenyamaza.

"Nenda kanichukulie uzi mweusi dukani," mke alimwambia mdogo wake.

"Sasa hivi? Si umalizie kwanza na huo—"

"Nenda."

Mlango ulipofungwa, mke aliitua sindano. Kwenye televisheni ile honi ndefu ililia, ikakatika.

"Kuna nini pale kwenye kioo?" aliuliza.

"Si ni filamu tu."

"Kuna nini, baba?"

Dereva aliyakaza macho. Doa lilikaa palepale, jeupe, halina haya.

"Niangalie," mke alisema.

Akamgeukia kama alivyokuwa akimgeukia siku zote hizo, uso umeelekea upande kidogo, ili angalau ampate kwa kona ya jicho, apate sikio na shingo na kipande cha kilemba.

"Hivyo hivyo," mke alisema. "Hivyo ndivyo unavyoniangalia. Unaliangalia sikio langu kama lina deni lako." Sauti yake ilianza kukatika. "Nilidhani una mwanamke. Huwezi kunitazama usoni, nikasema huyu ana mwanamke. Nimemchunguza kila anayepanda basi lako. Yule mama wa ghalani kiwandani nimemnunia mpaka ananikwepa sokoni, maskini."

"Ningekuwa na mwanamke ningemwona kwa jicho lipi?"

Mke alicheka mara moja, kisha akauweka mkono mdomoni na kicheko kikageuka kitu kingine. Alilia kwa hasira, mabega yakimtikisika, na dereva hakujua amshike wapi.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mvua."

"Na umekuwa ukiendesha."

"Polepole."

"Mdogo wangu yumo mle ndani."

"Najua."

"Watoto wa watu wamo."

"Najua, mke wangu. Usidhani sijui. Naogopa kuua mtu na naogopa kushuka. Kila asubuhi nakaa pale napima ipi inazidi."

"Na ipi inazidi?"

Aliinama, akaanza kuyaokota maganda ya karanga kwa kupapasa.

"Sitamwambia mtu," mke alisema mwishowe, akijifuta kwa gauni la mteja. "Wewe ni mume wangu, sitakuvua nguo mbele za watu. Lakini kesho mdogo wangu hatapanda basi lako, nitamzuia. Hao wengine sina namna ya kuwazuia mimi."

Shemeji aliingia na uzi, na alikuwa amenunua na karanga nyingine. "Imekwisha? Haya, aliliona au hakuliona?" aliuliza, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Mke alimpokonya uzi, akatunga sindano.

Asubuhi ilikuja na ukungu wa kweli, wa nje. Kituoni dereva alilizunguka basi akigonga matairi kwa spana na kusikiliza mlio wa kila moja. Yote yalilia vizuri. Alipanda, akarekebisha kioo cha ndani kwa mazoea tu, akawasha injini. Abiria wakaanza kuingia kwa sauti na viatu vyao. "Taratibu, umeamkaje." "Taratibu, leo tufike kabla hawajafunga geti la kiwanda." Raba nyeupe, viatu vya mpira, ndara za yule mama wa ghalani. Alijiambia kwamba leo ni mara ya mwisho, na kwamba angalau shemeji hayumo, kisha akaona aibu kwa kuifikiria hiyo angalau.

Halafu ngazi ikatoa mlio anaoujua, na mtu akajibwaga kwenye kiti kilichokuwa nyuma yake.

"Nimemtoroka dada," shemeji alisema, akihema. "Eti leo nimsindikize sokoni. Nikamwambia naenda kunawa uso, nikapitia dirishani kama mwizi." Akamgusa begani. "Shemeji, nimekubali. Ile filamu ni nzuri. Sikulala. Kila nikifumba macho naliona lile gari la kijivu. Hapana, ile ni nzuri kweli, imenitisha vibaya sana."

Dereva aliingiza gia. Mbele yake palikuwa na geti la kituo, na doa lilikuwa limekaa juu ya geti. Upande wa kushoto aliona miguu ya mtu, ya mtu mfupi au mtoto, ikitembea kuelekea kulia. Ikaingia kwenye doa. Alisubiri itoke upande wa pili.

Haikutoka.

Pengine mtu yule alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu. Pengine alirudi alikotoka. Pengine alikuwa amekwisha kupita, na yeye ndiye aliyechelewa kuona. Nyuma yake watu walipiga soga, mmoja alipiga miayo kwa sauti, na dereva akauondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta.

Akazima injini.

"Shukeni," alisema.

"Limekufa?" mtu aliuliza kutoka nyuma. "Tuje tulisukume?"

"Gari ni zima." Alisimama, akawageukia, akaona mabega na mikoba na vilemba, na mahali pa nyuso akaona ukungu. "Mimi ndiye sioni. Sioni vizuri, muda mrefu sasa. Naomba mshuke."

Mama wa ghalani ndiye aliyesema kwanza, polepole. "Hata juma lililopita? Siku ya ile baiskeli?"

"Hata siku hiyo."

Wengine walishuka haraka wakisukumana, kana kwamba basi lililosimama lingeweza kuwaka moto. Mtu alisema maneno mabaya, na dereva akaona ni haki yake kuyasikia. Wengine walibaki wamesimama kwenye ngazi, hawajui kama wamkasirikie au wamshike mkono. Aliutafuta ufunguo, akauchomoa, akaunyoosha mbele kwa yeyote atakayeupokea.

Ilibidi aitwe dereva wa zamu ya jioni, aliyekuja na shati lililofungwa vifungo ovyo, bado na usingizi machoni. Watu wakapanda tena. Dereva wa asubuhi naye alipanda, kwa kuwa maneno aliyowaambia abiria ilikuwa lazima akayarudie mbele ya msimamizi kiwandani kabla mtu mwingine hajamtangulia, na akakaa kwenye kiti cha abiria karibu na mlango, shemeji akiwa ubavuni mwake.

Kijana wa zamu ya jioni aliendesha kasi. Kwenye kona ya kwanza mguu wa kulia wa dereva wa asubuhi ulikandamiza sakafu, mahali pasipokuwa na breki yoyote. Basi likapita kona salama. Kwenye kona ya pili ukakandamiza tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii aliona kwa pembe ya jicho kiatu cha shemeji kikikandamiza pamoja nao.