Nafasi ya Mwisho Katika Kaburi la Lorusso

Shangazi Nunziata alikuwa akikunja tambi kwa kidole gumba, juu ya ubao uliowekwa mlangoni, kijana kutoka Ajentina alipotua begi lake na kusema kwamba ndani yake mlikuwa na majivu ya babu yake, Sabino Lorusso. Aliomba yazikwe katika kaburi la ukoo, hapa Bari.

"Kaburi limebaki na nafasi moja," alisema shangazi bila kuinua macho. "Na hiyo ni yangu. Nitalala pembeni ya mama."

Sabino alikuwa kaka yake mkubwa, na wa baba yangu pia. Aliondoka kwa meli kabla sijazaliwa, baada ya kugombana na baba yao, yaani babu yangu, na habari zake zikakoma hapo. Mtu aliyepotea kiasi hicho ni rahisi kumpatia mjukuu. Nilimkaribisha kijana chakula ili nimchunguze. Nilimpa pweza mbichi, akamkamulia limau.

"Hapa kwetu limau ni la wagonjwa," nilimwambia.

"Babu naye alikuwa akinisema hivyo hivyo, ami."

"Ami bado. Unaitwa nani vile?"

"Ezequiel."

"Wewe ni mtoto wa kwanza?"

"Wa kwanza. Na baba naye."

Niliweka uma chini. Kwetu, mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Mimi ni Cosimo kwa sababu babu alikuwa Cosimo, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nalipenda.

"Basi ungeitwa Sabino," nilisema. "Mlaghai mwenye bidii angelijua hilo."

Kijana hakukasirika, jambo lililonitia shaka zaidi.

"Babu alikataa. Alisema jina hilo limeshachongwa kaburini Bari, na hataki mtoto abebe jina linalosubiri maiti. Baba yake ndiye aliyelichonga, kwa hasira, meli ilipoondoka. Jina tupu, bila tarehe. Jirani mmoja wa Bari aliyehamia kwetu Ajentina baadaye ndiye aliyemwambia."

"Jiwe lile ni tupu," nilimjibu. Nimesimama mbele yake kila mwaka, siku ya kuwakumbuka marehemu, tangu utotoni, na sijaona pale ila chombo kikubwa cha maua ya plastiki. Nilimgeukia shangazi ili tumshangae pamoja. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya ubao.

"Shangazi, maua yale aliyaweka nani?"

"Kula, Cosimo."

Asubuhi iliyofuata alitupeleka makaburini. Kaburi letu limejengwa kama kabati la mawe, na nafasi yenyewe iko chini kabisa.

"Kisogeze," aliniambia. "Mgongo hauniruhusu."

Nilikisogeza chombo. Jina la Sabino Lorusso lilikuwa limechongwa kwa kina, nalo lilikuwa safi kuliko majina mengine yote, kwa kuwa halikuwahi kupigwa na jua.

"Baba alikufa akikataa lifutwe," alisema shangazi. "Nikaona maua ni rahisi. Nilidhani nikifa mtachonga langu juu yake, yaishe."

"Hii inathibitisha tu kwamba anajua habari za jiwe," nilisema. "Majivu yanaweza kuwa ya mtu yeyote."

"Wewe ungeweza kumkagua hata padri aliyekubatiza." Alimwashiria kijana atoe kisanduku, akakipakata, akakipima uzito kwa mikono yenye unga wa tambi za asubuhi. "Mnene yule, kumbe anaweza kukaa humu. Ataingia kwanza, asukumwe mpaka mwisho. Mimi nitakuja baadaye. Miguu yangu itamfikia."

"Na jina lako?"

"Chini ya lake. Yeye ndiye mkubwa."

Alinikataza kukirudisha chombo mahali pake, kwa hiyo ilibidi kitolewe. Ezequiel alijitolea kukibeba. Nilikataa, kisha nikamwachia upande mmoja, ili mikono yake yote miwili iwe mahali ninapoiona.